Mtoto ambaye mikono haimtii: jinsi ya kumvusha kutoka msingi hadi sekondari

Mpwa wangu alikuja kukaa nami mtaa wa Umoja, Nairobi, mwaka 2023 alipokuwa akiingia Gredi ya 6. Dada yangu yuko Likoni. Kama ilivyo kwa familia nyingi za Pwani zenye jamaa Nairobi, tulikubaliana kijana akae na mjomba wake, na kwa kuwa mjomba mwenyewe ni mwalimu, kila mtu aliona mambo yamepata mwenyewe.

Mambo hayakuwa hivyo. Mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa havai viatu vya kamba. Chai ilimwagika mezani karibu kila asubuhi. Alijikwaa kwenye ngazi za ploti ambazo alikuwa amezipanda jana na juzi. Akijibu kwa mdomo, alijibu vizuri kuliko wenzake. Akiandika, ungedhani ni kazi ya mtoto wa Gredi ya 2. Nilimwambia aandike polepole. Akaandika polepole, akawa hamalizi. Nikamwambia aharakishe. Akaharakisha, ikawa haisomeki. Mwaka mzima nilimpa amri hizo mbili kwa zamu, na siku nikichoka nilimwita mvivu.

Aliyenionyesha kosa langu ni mtaalamu mmoja wa hospitali ya umma ambaye aliketi na kijana kwa saa nzima, akamrushia mpira, akamkatisha karatasi kwa mkasi, akamfungisha vifungo, kisha akaniambia, "Mwalimu, huyu si mvivu. Huyu anafanya kazi mara mbili ya wenzake kupata nusu ya matokeo."

Nimeandika makala haya kwa ajili ya mzazi au mlezi aliye na mtoto wa namna hiyo, na ambaye mtoto wake anakaribia kutoka shule ya msingi. Mifano yangu mingi ni ya mitaa ya Eastlands kwa kuwa ndiko ninakoishi na kufundisha. Lakini mtaala ni mmoja nchini, kwa hiyo mzazi wa Kisauni, Malindi au Lamu ataukuta mlango ni ule ule.

Tatizo lenyewe ni lipi

Wataalamu huliita tatizo la ukuaji wa uratibu wa viungo. Jina jingine linalotumika ni dispraksia. Mtoto ana akili timamu, misuli yake haina ugonjwa, macho yake yanaona, lakini ubongo hupata shida kupanga na kuongoza mwendo. Kile ambacho mtoto mwingine hukifanya bila kufikiri, kama kufunga kamba za viatu, kudaka mpira au kuchora mstari kwa rula, kwake ni kazi mpya kila siku.

Makadirio yanayotajwa sana kimataifa ni kwamba watoto 5 hadi 6 katika kila 100 wa umri wa shule wana tatizo hili. Chukua darasa la watoto 50, kama yalivyo mengi ya madarasa yetu ya umma. Hapo unatarajia wawili au watatu. Wavulana hutambuliwa zaidi kuliko wasichana, na watoto waliozaliwa kabla ya kutimiza miezi wamo katika hatari kubwa zaidi. Mara nyingi tatizo huja pamoja na ugumu wa kutulia, wa kusoma au wa kutamka.

Mambo matatu yasichanganywe na tatizo hili. Kwanza, si uvivu wala ukaidi. Pili, si kutumia mkono wa kushoto. Mashoto wengi wana mwandiko mzuri. Tatu, na hili ni la haraka: tatizo hili huanza utotoni na huwa halizidi kuwa baya ghafla. Mtoto aliyekuwa akiweza jambo kisha akaanza kulipoteza, anayedhoofika upande mmoja, au anayeanguka zaidi mwezi huu kuliko mwezi uliopita, apelekwe hospitali mara moja. Hiyo ni habari nyingine.

Je, mtoto hupona akikua? Wengi huendelea nalo hadi utu uzima. Hujifunza njia zao za kufanya mambo, na wengi hufika mbali, lakini mkono haubadiliki kwa sababu mtoto amevaa sare mpya. Kinachobadilika ni kile anachotakiwa kukifanya kwa mkono huo. Ndiyo maana kuvuka kutoka msingi hadi sekondari huwaangusha watoto waliokuwa wakijikokota vizuri.

Mivuko siku hizi ni miwili

Sisi wa 8-4-4 tulivuka mara moja. Tulifanya KCPE, tukanunuliwa sanduku la bati, tukaenda Kidato cha Kwanza. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Chini ya mtaala wa umilisi, ule tunaouita CBC, mtoto husoma miaka sita ya msingi, mitatu ya sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, kisha mitatu ya sekondari pevu, Gredi ya 10 hadi ya 12. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 7 Januari 2023, na Januari 2026 likaingia Gredi ya 10.

Mvuko wa pili kila mtu anauona. Kuna mtihani, kuna kuchagua shule, kuna barua ya kuitwa. Mvuko wa kwanza ndio unaotuponyoka, kwa sababu serikali iliweka sekondari msingi ndani ya shule zile zile za msingi. Mtoto anapita lango lile lile, anamsalimu bawabu yule yule, pengine anakaa jengo lile lile. Mzazi anaona hakuna kilichobadilika. Kumbe ndani kila kitu kimebadilika.

Katika Gredi ya 6, kipindi ni dakika 35, na mara nyingi kuna mwalimu wa darasa ambaye amemjua mtoto kwa miaka. Anajua kwamba huyu akiandika nusu ukurasa amejitahidi. Katika Gredi ya 7, vipindi ni 40 kwa wiki, kila kimoja dakika 40, na kila somo lina mwalimu wake. Walimu hao hawakumfundisha mtoto msingi, na wengi huandikwa kwa mikataba na kuhama. Yale yote ambayo mwalimu wa zamani aliyajua kichwani hayavuki ua hata kama ua wenyewe haupo. Yanabaki kwenye chumba cha walimu wa msingi.

Kazi mpya za mkono katika Gredi ya 7

Maeneo ya kujifunza yalipunguzwa kutoka 14 hadi 9 mwaka 2024. Kwa mtoto wa kawaida huo ni unafuu. Kwa mtoto wetu tazama somo moja moja.

Masomo ya awali ya ufundi yanataka kuchora kwa vifaa, kupima na kushika zana. Bikari huteleza, rula husogea, mchoro mzuri kichwani hutoka umepinda. Kilimo sasa kimebeba pia mambo ya sayansi kimu, kwa hiyo pamoja na kitalu cha sukumawiki kuna sindano na uzi. Sayansi jumuishi ina majaribio ya kumimina na kupima. Sanaa bunifu na michezo imeunganisha uchoraji, muziki na viwanja, na humo mtoto huchekwa mbele ya watu. Juu ya yote hayo kuna maandishi ya ubaoni: mwalimu anaandika, anafuta, anaendelea. Mtoto anayenakili herufi moja moja anabaki na nusu ya noti, na jioni anasoma nusu hiyo akijiandaa kwa mtihani mzima.

Mzazi hataona hayo yote. Ataona alama zimeshuka, na mtoto aliyekuwa mchangamfu sasa anaumwa tumbo kila Jumatatu. Kwa mpwa wangu ilikuwa siku za uwanja. Alikuwa akisahau viatu vya michezo makusudi.

Pa kupata tathmini

Anza mtoto akiwa Gredi ya 5 au mapema Gredi ya 6. Usingoje Januari ya Gredi ya 7.

Mahali pa kwanza ni vituo vya tathmini ya elimu, vinavyojulikana kwa kifupi EARC. Vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na kazi yao ni kupima mahitaji ya mtoto ya kielimu na kushauri shule. Ukiwa Eastlands, uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, iwe ni Embakasi, Makadara, Kamukunji au Njiru, wakuelekeze kituo kilicho karibu. Walio Pwani waulize vivyo hivyo katika kaunti zao. Nairobi pia ina KISE, Taasisi ya Elimu Maalumu, iliyoanzishwa mwaka 1986 na ambayo iko Kasarani. Kutoka Umoja au Donholm unashika barabara ya Outering hadi Thika Road. Hapo hufunzwa walimu wa elimu maalumu na watoto hutathminiwa.

Mahali pa pili ni hospitali kubwa za umma. Muulizie mtaalamu anayesaidia watu kumudu shughuli za kila siku. Hospitalini humwita OT. Huyo ndiye hupima jinsi mtoto anavyotumia mikono na mwili. Daktari atathibitisha kwamba hakuna ugonjwa mwingine, na macho yapimwe pia.

Nenda na ushahidi. Beba madaftari mawili, moja la mwanzo wa muhula na moja la mwisho. Andika orodha ya mambo ya nyumbani: anafunga vifungo? Anakata mkate? Anabeba kikombe kilichojaa? Anaendesha baiskeli? Eleza alianza kutembea akiwa na umri gani. Bila hayo, mtaalamu ataona mtoto mtulivu kwenye kiti na pengine mtarudishwa nyumbani na neno "atakua tu".

Usiondoke bila karatasi. Maneno ya mdomo ya daktari hayana uzito shuleni. Ripoti yenye muhuri inao. Toa nakala tano, asili ibaki nyumbani.

Barua ya ukurasa mmoja

Ripoti ya hospitali ina lugha nzito, na mwalimu mwenye madarasa manne hataisoma. Kwa hiyo andika mwenyewe ukurasa mmoja, uambatanishe na ripoti. Kama ningeambiwa nichague jambo moja tu katika makala haya yote, ningechagua hili. Barua yangu ilikuwa na sehemu nne.

Ya kwanza, anachoweza: "Anaelewa upesi. Anajibu vizuri kwa mdomo. Anapenda hesabu na hadithi."

Ya pili, kinachomshinda na kinavyoonekana: "Mkono wake huchelewa na huchoka. Akiandika zaidi ya dakika kumi herufi huanza kuharibika. Hujikwaa na kuangusha vitu. Hafanyi makusudi."

Ya tatu, kinachosaidia: "Akae mbele, karibu na ubao. Apewe noti zilizochapishwa au aruhusiwe kutoa nakala ya daftari la mwenzake. Apewe alama kwa alichokijua kabla ya mwandiko. Akishindwa kumaliza, aulizwe kwa mdomo."

Ya nne, nambari ya simu na sentensi moja: "Akionekana mkaidi, tafadhali nipigie kabla ya kumwadhibu."

Ombeni kikao mwishoni mwa mwaka, kabla shule hazijafungwa: mzazi, mwalimu wa Gredi ya 6, na mwalimu atakayekuwa wa darasa Gredi ya 7. Dakika kumi na tano zinatosha. Mwalimu wa zamani azungumze zaidi kuliko wewe, kwa sababu mwalimu humwamini mwalimu mwenzake.

Kisha, na hapa nilijikwaa mimi mwenyewe, rudia kila muhula. Nilipeleka barua Januari 2024 nikajiona nimemaliza. Muhula wa pili mwalimu wa darasa akahamishwa, faili ikabaki kabatini, na mwalimu mpya akamsimamisha kijana mbele ya darasa aonyeshe daftari lake kama mfano wa uchafu. Sikumlaumu sana. Hakuna aliyemwambia. Na mimi mwaka uliotangulia nilifanya karibu yale yale sebuleni kwangu.

Kazi ya nyumbani wakati wa likizo

Likizo ya mwisho wa mwaka ni dhahabu. Usiitumie kumwandikisha mtoto kurasa za mwandiko. Chagua mambo matatu au manne ambayo atayahitaji Januari.

Kuna mbinu iliyotengenezwa Canada na Helene Polatajko na wenzake, na mtaalamu wetu aliitumia kwa maneno manne: lengo, mpango, tenda, kagua. Badala ya kumwonyesha mtoto mara mia, unamwacha afikirie. Lengo: kufunga tai. Mpango: "Nitaanza upande upi? Mrefu au mfupi?" Anatenda. Kisha anakagua mwenyewe: "Ilikwama wapi?" Anabadilisha mpango. Kwa mpwa wangu tai ilichukua siku tisa. Kamba za viatu zilichukua wiki tatu, na siku alipofaulu alivaa viatu hivyo hadi kitandani.

Vitu vidogo vya bei rahisi pia vinasaidia. Bandika vipande vya raba chini ya rula isiteleze. Chini ya karatasi weka kipande cha katoni ili ncha ya bikari ishike, kisha mfundishe mtoto kuzungusha karatasi badala ya bikari. Hesabu ziandikwe kwenye daftari la miraba ili makumi yakae chini ya makumi. Penseli izungushiwe mpira wa ofisini ili vidole vishike vizuri. Kila somo lipewe jalada la rangi yake: kijani kilimo, buluu hesabu. Mtoto anayebabaika kwenye mkoba hupoteza dakika tano za kila kipindi akitafuta daftari. Shule ikikubali, nunua kamba za viatu za lastiki. Kwa mbali hakuna atakayetambua.

Michezo isiachwe. Mtoto huyu anahitaji kucheza kuliko wengine, ila mpira wa miguu mbele ya darasa zima ni mahali pabaya pa kuanzia. Kukimbia, kuogelea na kuendesha baiskeli, ambako mwendo ni ule ule unaorudiwa, huwa rahisi zaidi kuliko kudaka na kupiga. Wenzetu wa Pwani mna bahari mlangoni. Huku Eastlands tulitumia uwanja wa mtaa saa kumi na mbili asubuhi, kabla wenye mpira hawajaamka.

Njia ya kwenda shule

Mtoto wa Gredi ya 7 huenda anatembea tu. Wa Gredi ya 10 pengine atapanda gari, na matatu za Eastlands hazina subira. Nambari 58 ya Buruburu ikifika steji asubuhi, makanga anapiga bodi na gari linaanza kuondoka mguu wako mmoja ukiwa bado chini. Kijana mwepesi hurukia. Wetu huanguka.

Fanyeni safari ya majaribio mara tatu: Jumamosi mchana pamoja, siku ya kazi saa kumi na mbili asubuhi pamoja, kisha akiwa mbele nawe nyuma yake. Mfundishe sheria nne. Asipande wala kushuka gari likitembea, hata makanga akifoka. Akae karibu na mlango. Amwambie makanga mapema atakaposhukia. Nauli kamili iwe mfuko wa mbele, si ndani ya mkoba. Mkoba nao ubebwe mabega yote mawili, maana wa bega moja humwondolea mizani.

Kuvuka barabara kunahitaji uangalifu zaidi. Utafiti umeonyesha kwamba watoto wenye tatizo hili hupata shida kukadiria kasi ya gari linalokuja. Kwenye Outering na Jogoo Road msivuke kwa kukisia. Tumieni daraja la waendao kwa miguu au kivuko chenye taa, hata kama ni mwendo wa dakika kumi zaidi.

Mitihani

Safari ya kwenda Gredi ya 10 hupimwa hivi: mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 huchangia asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA ya Gredi ya 9 asilimia 60. Maana yake ni kwamba miradi ya mikono ya Gredi ya 7 tayari inahesabiwa. Mtoto akipoteza mwaka huo kwa sababu hakuna aliyejua, alama hizo hazirudi.

KNEC hutoa nafuu kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, kama muda wa ziada. Lakini mzazi haombi siku ya mtihani. Shule ndiyo huwasilisha habari za mtoto wakati wa usajili, mapema katika mwaka, pamoja na ushahidi wa tathmini. Ripoti ikipatikana Septemba, imechelewa. Kwa hiyo Januari ya mwaka wa mtihani, mwulize mwalimu mkuu swali moja wazi: "Je, mtoto wangu ameandikishwa kama mwenye mahitaji maalumu?" Usikubali jibu la "tutaona".

Kuna pia jambo dogo ambalo wengi hulisahau. Karatasi za majibu ya kuchagua hujazwa kwa kutia penseli ndani ya visanduku vidogo. Mkono unaotetereka hutoka nje ya kisanduku, au huruka mstari mmoja na majibu yote yanayofuata yakawa ya swali jingine. Afanye mazoezi ya karatasi hiyo nyumbani, akiweka rula chini ya mstari anaoujaza.

Kuchagua sekondari pevu

Gredi ya 10 ina njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na sayansi ya michezo. Usimfungie mtoto njia ya sayansi kwa sababu ya mikono. Anayeelewa hesabu na fizikia asinyimwe kwa kumwaga maji maabara. Lakini keti naye mkaangalie kila somo linataka nini: michoro mingi? Warsha? Insha ndefu? Aseme mwenyewe kipi yuko tayari kukipigania.

Swali gumu zaidi ni bweni au kutwa. Bweni ina kengele, na kengele haimngoji mtu. Mtoto atafua sare kwa mikono, atabeba ndoo ya maji, atatandika kitanda, atafunga kufuli la sanduku, atabeba sahani ya githeri katikati ya umati, yote kabla ya jua kuchomoza vizuri. Haya yanafundishika, na wapo wanaoyamudu, lakini yafundishwe nyumbani miezi sita kabla: beseni lake, sabuni yake, kila Jumamosi. Mkichagua bweni, ombeni kwa maandishi apewe kitanda cha chini, si cha juu, na jueni nani atapokea barua yenu. Mkichagua kutwa, pimeni umbali kwa miguu na kwa gari, si kwa sifa za shule. Shule nzuri yenye magari mawili na kivuko kibaya inaweza kuwa mbali kuliko iliyo mtaani.

Kwa walimu wenzangu

Sheria iko wazi. Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu katika taasisi za kawaida, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko. Lakini sitaki kuwahubiria sheria, maana nami nilikuwa mkosaji bila kushika kiboko. Nawaomba jambo moja tu. Ukimwona mtoto anayejibu vizuri kwa mdomo na kuandika vibaya, usimwambie aongeze bidii kabla hujamuuliza, "Mkono unakuuma?" Mpwa wangu aliulizwa swali hilo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na mitatu. Alisema, "Kila siku. Nilidhani unamuuma kila mtu."

Mwaka huu yuko Gredi ya 9. Mwandiko wake bado ni mbaya. Ripoti yake imo katika faili ya usajili, nimeiona kwa macho yangu. Muhula huu alikuja mwalimu mpya wa sayansi, nami nikawa tayari nimetoa nakala ya barua. Kijana akaniambia nisijisumbue. Alikuwa amemwendea mwenyewe baada ya kipindi na kumwambia, "Mwalimu, somo nalielewa ila mkono wangu huchelewa. Naomba nisipomaliza uniulize kwa mdomo." Mwalimu akakubali.

Sentensi hiyo tulikuwa tumeifanyia mazoezi jikoni tangu Gredi ya 7. Mfundishe na wako. Barua hubaki kabatini, walimu huhama na wajomba hawaingii darasani, lakini sentensi hiyo atakwenda nayo mtoto mwenyewe.